Maswali yenu wazazi: mtoto akiacha kanisa, na mengine

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, maswali ni mengi, leo najibu haya manne.

Mwanangu ana miaka 19, tangu aanze chuo kanisani hakanyagi. Nimekosea wapi?

Pole sana mama, najua hilo swali linavyomkosesha mtu usingizi. Ila nani kasema umekosea? Samweli alikuwa nabii wa Mungu kabisa lakini soma 1 Samweli 8, wanae walikula rushwa. Halafu mkumbuke Monika, mama wa huku kwetu Afrika, kule Kaskazini, mwanae Agostino alizama kwenye starehe na mafundisho ya Wamani (wafuasi wa dini ya mtu aliyeitwa Mani, sio Ukristo wa kanisa), mama akalia miaka na miaka, akavuka bahari kumfuata mpaka Italia, na kijana kuja kubatizwa ni mwaka 387, ana miaka 32. Wako ana 19 tu! Hata wangu alishaacha. Kila Jumapili nilikuwa nampigia pasi shati lake nalitundika kwenye msumari wa mlango wake, sisemi kitu, nikirudi ibadani nalikuta palepale, jioni nalirudisha kabatini, ikaenda hivyo karibu miaka miwili. Siku moja narudi, msumari mtupu. Kaenda ibada ya pili. Nilikaa pale chini nikalia.

Wa miaka 8 hataki sande skuli, nimlazimishe?

Mpeleke. Mbona shule humuulizi kama anataka? Ila muulize nani anamsumbua huko, mara nyingi kuna kitu.

Mume wangu sio mwamini, nitaweza peke yangu?

Utaweza dada. Baba yake Timotheo alikuwa Mgiriki (Matendo 16:1), imani ile Paulo anasema ilikuwa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Ila tafadhali usimseme vibaya baba yao mbele ya watoto, ukimsema hivyo wataichukia na hiyo imani yako.

Narudi saa tatu usiku watoto washalala, sala ya familia imekufa. Mungu ananielewa?

Anakuelewa. Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema uwafundishe ukikaa nyumbani, ukienda njiani, ukilala na ukiamka, kwa hiyo asubuhi mkiwa mnatembea kwenda kituoni ombeni hukohuko, dakika tano zinatosha. Na usiku ukirudi, kabla hata hujavua viatu, ingia uwawekee mkono kichwani mmoja mmoja, umtajie Mungu majina yao.