Uliza Mwalimu: Kwa Luther, kuna lugha takatifu au zote ni sawa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye kikundi chetu cha vijana kanisani tumebishana mpaka basi. Mmoja anasema Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya Kanisa karne ya 16, alitafsiri Biblia kwa Kijerumani sababu aliona lugha zote ni sawa mbele za Mungu, mwingine anasema mbona huyohuyo aliwakomalia watu wasome Kiebrania na Kigiriki. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba kijana wangu. Wote wawili mmeshika ukweli, na jibu Luther alilitoa mwenyewe mwaka 1524 kwenye barua yake kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alipokua anawasihi wafungue shule. Anasema Kiebrania kinaitwa kitakatifu kwa sababu Mungu alikichagua kibebe neno lake, halafu anaongeza kwamba Kigiriki nacho kinaweza kuitwa hivyo, na kwamba kutoka kwenye Kigiriki, kama maji yanavyotoka kwenye chemchemi, neno lilitiririka kwa njia ya tafsiri likaingia lugha nyingine na zenyewe zikatakaswa. Yani utakatifu unatokana na kile lugha ilichobeba, na unahama! Mimi hapo ndo nampendea Luther. Ila kwenye barua hiyohiyo anaonya kwamba lugha ni ala, yani mfuko wa upanga, ambayo upanga wa Roho (neno la Mungu) umo ndani yake, ukiitupa ala na upanga utaukosa, ndo maana alitaka wachungaji wasome lugha za asili za Maandiko.

Sasa angalia alivyofanya kazi. Agano Jipya alilitafsiri akiwa amejificha kwenye ngome ya Wartburg kwa kama wiki 11 hivi, likatoka kiwandani Septemba 1522, lakini Agano la Kale lilimtoa jasho, Biblia nzima ikaja kutoka 1534. Mwaka 1530 anaandika kwamba kwenye kitabu cha Ayubu yeye na wasomi wenzake Melanchthon na Aurogallus kuna wakati walikaa siku nne wakamaliza mistari mitatu tu kwa shida. Na anasema mtafsiri asiulize Kilatini, lugha ya kanisa enzi hizo, namna ya kusema Kijerumani, akamuulize mama nyumbani, watoto mtaani, mtu wa kawaida sokoni, awaangalie midomo wanavyoongea. Mtu anayedharau lugha ya sokoni hawezi kuandika hivyo.

Uingereza nako waliambiwa Kiingereza ni lugha ya ovyo haifai kubeba Maandiko, William Tyndale, aliyetafsiri Biblia kwa Kiingereza, akajibu mwaka 1528 kwamba Kiebrania kinaendana na Kiingereza mara elfu kuliko kinavyoendana na Kilatini. Mwaka 1536 akauawa.

Swali linalobaki ni gumu zaidi, lugha ya binadamu ina mipaka, inambebaje Mungu? Yohana Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa enzi hizo, alilishughulikia sana hili. Wapo waliosoma kwamba Mungu ana mkono, macho na masikio wakadhani ana mwili, yeye akawajibu kwamba Mungu anaongea na sisi kitoto, kama yaya anavyoongea na mtoto mchanga, anajishusha mpaka tulipo. Kwa hesabu hiyo hata Kiebrania cha Musa ni Mungu ameshuka, sio kwamba hiyo ndo lugha yake ya mbinguni.

Hiyo barua ya 1524 mkiipata isomeni pamoja kikundini, sehemu ya lugha ipo katikati na sio ndefu.