Maswali ya Wasomaji: Baiti Zinapotelea Wapi Kati ya Modemu na ESP32?

SWALI: Napakua faili la programu mpya kwa modemu ya 4G iliyounganishwa na mikrokontrola ya ESP32 kupitia UART (mawasiliano ya biti moja moja kwa waya), kasi biti 921600 kwa sekunde. Nikilipokea bila kulihifadhi, linafika zima. Nikiliandika kwenye flashi, baiti zinapotea, kila mara sehemu tofauti. Nimeongeza bafa ya kupokea (kumbukumbu ya muda) kutoka baiti 2048 hadi 16384, sijaona nafuu. Nishushe kasi?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Acha kasi ilivyo, ongeza nyaya mbili: RTS, inayomwambia mtumaji aendelee au asubiri, na CTS, inayosikiliza agizo hilo kutoka upande wa pili. Baiti zako zinapotea kabla ya kuifikia bafa uliyoikuza. Zikiingia hutua kwanza kwenye FIFO ya UART, foleni ndogo ya ndani yenye nafasi 128 tu, na kikatizi (ishara inayomwita prosesa aache kazi yake kidogo) ndicho huzihamishia kwenye bafa. ESP32 inapofuta sekta ya flashi ya baiti 4096, kache, ambayo prosesa husomea programu kutoka flashi, huzimwa na vikatizi vya kawaida husubiri. Kufuta sekta moja huchukua makumi ya milisekunde. Kwa 921600, kila baiti ikiwa biti 10 pamoja na ya kuanzia na ya kumalizia, FIFO hujaa kwa milisekunde 1.4. Ukishuka hadi 115200 utapata kama 11. Bado hazitoshi.

Hapo ndipo RTS inapofaa. FIFO ikifika kiwango ulichopanga, UART yenyewe hupandisha pini hiyo bila kusubiri prosesa, na modemu hunyamaza. Hali ya chini ni ruhusa ya kutuma, ya juu ni kusubiri. Wengi hudhani kinyume.

Kwenye ESP-IDF, zana rasmi za kuandikia programu za ESP32, weka `flow_ctrl = UART_HW_FLOWCTRL_CTS_RTS` na `rx_flow_ctrl_thresh = 100`. Usijibane na 127: mtumaji lazima amalize baiti aliyoianza, na wapo wanaotoa kadhaa zaidi kabla ya kusimama. Kisha `uart_set_pin(UART_NUM_1, 26, 27, 32, 33)`, kwa mpangilio wa TX, RX, RTS, CTS. Modemu nayo uitumie amri `AT+IFC=2,2`, uhakiki kwa `AT+IFC?`. Ukiruka hatua hii, nyaya zitakuwepo lakini modemu haitazijali.

SWALI: Nimewasha RTS/CTS kwenye bodi yangu, sasa hata AT tupu, amri ya kupima kama modemu inasikia, haijibiwi. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Karibu kila mara ni CTS: inaning'inia, au imeungwa pini isiyo yake. Kati ya mikrokontrola mbili, RTS ya huku huenda CTS ya kule. Kwa modemu usikariri, maana nyingi huziita pini kwa jina la upande wa kompyuta, hivyo RTS yake ni ya kuingiza na huungwa RTS kwa RTS. Soma safu ya mwelekeo kwenye jedwali la pini: inayotoa iende kwa inayopokea.

Angalia volti pia. Modemu kama SIM7600 hutumia 1.8 kwenye pini hizi, ESP32 hutumia 3.3, kibadilisha volti kiwe kwenye nyaya zote nne, si TX na RX pekee.

Kupima: chomoa waya wa CTS kwenye modemu, uunge pini ya CTS ya bodi na graundi kupitia rezista ya kilo-ohm 1. AT ikijibiwa, kosa liko kwenye waya huo au mpangilio wa modemu. Iunge na 3.3 kwa rezista ileile: bodi lazima iache kutuma. Ikiendelea, programu yako haijawasha udhibiti huo.