Kabla hamjaomba mabasi mengine, kasimameni kwanza pale njia panda

Mwaka wa sita huu napanda basi la kijijini kila asubuhi mpaka njia panda, nashuka, nadandia lingine la kwenda mjini, na katika miaka yote hiyo nimekaa vikao vingi sana ambavyo kilio ni kilekile, tuongezewe mabasi. Mimi nasema ngojeni kwanza.

Basi letu lilikuwa linafika njia panda saa 1:07 asubuhi. La mjini linaondoka saa 1:00 kamili. Dakika saba, kila siku ya Mungu, na linalofuata ni baada ya saa nzima! Siku moja nilishuka na mama mmoja, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi, akaliona lile basi linakata kona. Hakusema kitu, alikaa juu ya jiwe akamfungua mtoto akaanza kumnyonyesha, na mimi siku hiyohiyo nikanunua daftari.

Wiki mbili nikawa naandika tu, limefika saa ngapi, wameshuka wangapi, wangapi wameachwa. Tukaenda na lile daftari kwa mwenye basi tukiwa watu wanne, na dereva mwenyewe alivyoona zile namba akasema mbona naweza kutoka robo saa mapema, hamna aliyewahi kuniambia. Ikaisha hapo. Halikununuliwa basi hata moja. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka usafiri wa kwao ubadilike, usiende na malalamiko, nenda na hesabu, maana ukisema "usafiri mbaya" kila mtu anakubali na hakuna anayejua aanzie wapi.

Uswisi wamelifanya hili nchi nzima. Tangu 1982 treni zao nyingi zinapita kila saa kwa dakika ileile, na baadaye wakazipanga zikutane kwenye stesheni kubwa kwa wakati mmoja ili mtu ashuke hii apande ile, na yale mabasi ya manjano yanayopanda vijiji vya milimani yanapangwa kufuata treni. Mtu wa kijijini kule basi lake laweza kuwa moja tu kwa saa, ila anajua likimshusha kuna kitu kinamsubiri. Hiyo ndo tofauti. Mjini gari likipita kila dakika 10 wala huhitaji ratiba, ukienda tu kituoni kwa wastani utasubiri dakika tano, lakini kijijini ambako magari ni machache ratiba ndo usafiri wenyewe, na ikivunjwa mara mbili tatu watu wanaacha kuiamini, wanatafuta pikipiki, basi linatembea tupu, halafu tunaambiwa ruti hailipi.

Kingine, na hapa nimegombana na majirani zangu kabisa: tusilazimishe basi liingie kila kitongoji. Kila mtu anataka limpitie mlangoni, namwelewa, lakini ruti ikizungukazunguka hivyo safari ya dakika 40 inakuwa saa na nusu na wenye haraka wote wanahama. Bora basi lipite barabara kuu moja kwa moja, mara nyingi zaidi, sisi wenye miguu mizima tutembee, na wazee, wagonjwa na wenye ulemavu wawekewe gari dogo la kupigia simu liwalete barabarani. Wazee wasisahaulike kwenye hili, tafadhali.

Na kama eneo lenu ndo linakua sasa hivi, viwanja vinauzwa kila wiki, pigeni kelele SASA kabla nyumba hazijasimama. Curitiba kule Brazil mwaka 1974, meya akiwa Jaime Lerner, walianzisha njia za mabasi peke yake na wakaruhusu maghorofa kando ya njia hizo hizo, yaani mji ukawa unakua kulifuata basi. Kwetu mtaa mpya umeota bila hata sehemu ya gari kugeuzia. Kondakta anashuka, anapiga bodi kwa kiganja, twende, twende, hapohapo, basi linarudi kinyumenyume katikati ya kuta mbili zilizobakiza upana wa mkono kila upande, mpaka madereva wakachoka wakaacha kuingia, na sasa wanafunzi wa mtaa ule wanatembea kilomita mbili. Ilikuwa ni kuacha kiwanja kimoja tu wazi. Kimoja! Sasa hivi kukipata itabidi mtu abomolewe ukuta wake.

Kwa sasa nipo na daftari la pili, la jioni. Basi la mwisho la kijijini linaondoka njia panda saa 1:30 usiku na wanaofunga kazi mjini saa 1:00 hawaliwahi, juzi niliwahesabu walioachwa 11, na wiki ijayo tunarudi tena kwa mwenye basi.