Rezidensi imekwisha, unahama jimbo: maswali yenu kuhusu leseni na DEA

Rezidensi nyingi za Marekani, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini baada ya chuo, hufunga tarehe 30 Juni, na kuanzia Januari maswali ya leseni huanza kumiminika kutoka kwa madaktari wetu walioko huko. Nimechagua yale yanayojirudia sana.

Niko mwaka wa mwisho wa tiba ya ndani, Michigan. Nimepata kazi Minnesota kuanzia Agosti. Nina namba yangu ya DEA, ile mamlaka ya Marekani inayosajili madaktari wanaoandika dawa zinazodhibitiwa, niliilipia mwenyewe. Nianze na kipi, na je, nilipie nyingine?

Anza na leseni ya Minnesota, daktari. Hilo kwanza, mengine yanafuata. DEA ni ya serikali kuu, lakini haikupi ruhusa ya kuandika dawa zinazodhibitiwa mahali ambapo jimbo lenyewe halijakuruhusu. Kwa hiyo mpangilio ni huu: leseni ya jimbo, kisha kibali cha jimbo cha dawa hizo kama jimbo linacho, ndipo DEA. Minnesota haina kibali hicho cha pili. Ungekuwa unaenda New Jersey, Maryland, Illinois au Massachusetts ungekutana nacho, na wengi hukisahau kwa sababu walikotoka hakikuwepo.

Kulipia namba nyingine si lazima. Ada ya DEA ni dola 888 kwa miaka mitatu. Ukihama, unaingia kwenye tovuti yao na kuomba usajili wako uhamishiwe jimbo jipya, bila malipo. Ukitaka kuandika dawa hizo majimbo yote mawili kwa wakati mmoja, hapo ndipo unahitaji usajili wa pili na 888 nyingine.

Angalia tarehe sana. Siku DEA watakapokuhamishia Minnesota, Michigan huna tena namba. Kama bado una zamu za usiku wiki ya mwisho ya Juni, na mgonjwa aliyevunjika nyonga anatoka wodini saa kumi na mbili asubuhi na anahitaji oxycodone, dawa kali ya maumivu inayodhibitiwa, ya kwenda nayo nyumbani, utasimama pale huku kompyuta ikikukatalia. Kabla ya kuomba uhamisho, waulize ofisi ya mafunzo kama hospitali inaruhusu marezidenti kutumia namba ya DEA ya hospitali yenye msimbo wa mtu binafsi. Kama hairuhusu, subiri umalize zamu. Lakini usisubiri hadi leseni yako ya mafunzo iishe, maana leseni ya jimbo ikifa, namba ya DEA iliyoisimamia haina miguu.

Na badilisha baruapepe. DEA hukumbusha muda wa kuhuisha kwa baruapepe tu, nawe huenda ulijisajili kwa ile ya hospitali, ambayo itafungwa ukishaondoka. Muda ukipita una mwezi mmoja wa kuhuisha, na ndani ya mwezi huo huruhusiwi kugusa dawa hizo. Mwezi ukiisha, unaomba upya na kupewa namba mpya, kisha kazi ya kuibadilisha kwenye bima na hospitali ni yako.

Nilisoma Muhimbili na kusajiliwa na Baraza la Madaktari la Tanganyika. Leseni hiyo niliiacha ikaisha zamani. Nikiomba leseni ya jimbo, ni lazima niitaje?

Lazima. Fomu za bodi ya jimbo, ile inayotoa leseni, huuliza leseni zote ulizowahi kuwa nazo, popote duniani, ziwe hai au zimekufa. Kuwa na leseni iliyoisha si kosa. Kuificha ndiko kunakogeuka kesi, tena ya uaminifu, na kesi ya uaminifu inakufuata jimbo hadi jimbo.

Bodi itataka uthibitisho utoke barazani kwenda kwao moja kwa moja. Kaka yako aliyeko Dar es Salaam anaweza kwenda ofisini, kulipa ada na kufuatilia, na kwa kweli mtu wa kufuatilia anasaidia sana. Asichoweza ni kuipokea barua, kuipiga picha na kukutumia WhatsApp. Hiyo haihesabiki. Chuo nacho ni vivyo hivyo: matokeo yako yatoke kwa msajili. Ndiyo maana nasema jambo hili la nyumbani lianze mapema kuliko yote, hata kabla hujasaini mkataba.

Halafu kuna majina, na hapa watu wetu wanaumia kweli. Cheti cha kidato cha nne kinasema Fatma Salim Juma, cha chuo Fatuma S. Juma, pasipoti imefanya Juma kuwa jina la ukoo, na baada ya ndoa leseni ya udereva imeongeza jina la mume. Wewe unajua ni mtu mmoja. Karani wa bodi anaona watu wanne. Amua jina moja, lile la pasipoti ndilo salama zaidi, kisha andaa kiapo cha majina na cheti cha ndoa kabla hujaulizwa. Miezi uliyokaa nyumbani kati ya intanshipu na rezidensi nayo ina maelezo yake. Ulikuwa unasoma kwa ajili ya mitihani? Andika hivyo. Usiache pengo.

Kama unaona utahama tena baadaye, tumia FCVS, huduma ya shirikisho la bodi za majimbo inayohakiki vyeti mara moja na kuvihifadhi. Mara ya kwanza ni gharama na inachelewa. Mara ya pili utashukuru.

Nimeambiwa kuna mkataba wa majimbo, ukiomba mara moja unapata leseni za majimbo mengi. Nautumiaje?

Huenda huwezi, kwa sasa. Mkataba huo, IMLC, unataka uwe na leseni kamili ya jimbo mwanachama ambalo ndilo makao yako, uwe umefaulu kila hatua ya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, bila kuzidi mara tatu, usiwe na adhabu wala hatia, na uwe tayari umethibitishwa na bodi ya ubingwa wako. Sharti la mwisho ndilo linalowakwamisha wanaomaliza Juni: mtihani wa tiba ya ndani hufanyika Agosti. Kusoma nje ya Marekani peke yake hakukuzuii. Ada ya mkataba ni dola 700, juu yake unalipia leseni ya kila jimbo, kwa sababu mwisho wa yote ni leseni mbalimbali, si moja. California na New York hazimo.

Wenzangu waliosoma udaktari Marekani wanasema hawahitaji yale mafunzo ya saa nane ya DEA kuhusu kutibu uraibu. Mimi nilimaliza Makerere. Nami nimesamehewa?

Hapana. Msamaha huo ni wa waliomaliza vyuo vya Marekani ndani ya miaka mitano, na ambao mtaala wao ulikuwa na mafunzo hayo. Sharti lilianza tarehe 27 Juni 2023 na linatimizwa mara moja tu maishani. Fanya, weka vyeti vyako pazuri, weka alama kwenye kisanduku cha fomu ya DEA.

Nina viza ya mafunzo ya J-1, na nitafanya miaka mitatu ya Conrad kijijini, ule mpango unaonisamehe kurudi nyumbani kwanza. Mwanasheria wa mwajiri anadai leseni mwezi Machi, nami sijamaliza! Ananionea?

Hakuonei, dada. Ombi la H-1B, viza ya kazi, la daktari anayetibu huhitaji leseni ya jimbo utakakofanyia kazi. Lakini majimbo hayalingani: kwa waliosoma nje, New York wanataka miaka mitatu ya rezidensi, kwingine, kama California, huruhusu baada ya miwili. Isome sheria ya jimbo kabla ya kukubali kazi. Kama haiwezekani kuipata kabla ya Juni, mwanasheria ndiye wa kusema barua ya bodi itatosha au la.

Namba ya NPI, ile ya kumtambulisha daktari kwenye bima, nayo inabadilika?

Haibadiliki. Sahihisha anwani ndani ya siku 30.

Julai sina kazi. Shangazi yuko Dallas, mgongo unamsumbua, anataka nimwandikie tramadol kidogo tu. DEA yangu bado hai.

Mdogo wangu, usithubutu. Tramadol iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa tangu 2014. Leseni inayohesabika ni ya jimbo alipo mgonjwa, na Texas huna. Humtibu, huna faili lake, na ni shangazi yako. Mwambie aende kwa daktari wake, akikasirika atapoa.

Nina leseni kamili ya Ohio. Nikishahama niihuishe au niiache?

Iweke hai hadi leseni mpya iwe mkononi, DEA imehamia, na mafaili yote ya wagonjwa umeyasaini. Baada ya hapo, kama hurudi wala hutibu watu wa Ohio kwa simu, sioni sababu ya kuendelea kuilipia na kuikusanyia saa za masomo. Isipokuwa kama kuna malalamiko au uchunguzi dhidi yako: hapo usisalimishe chochote kabla ya kuongea na mwanasheria, kwa kuwa kusalimisha leseni katikati ya uchunguzi huripotiwa kama adhabu. Ukiiacha, hifadhi namba yake na tarehe iliyoisha. Utaulizwa kwenye kila fomu ijayo.