Maswali ya bustani: hivyo vipele kwenye matawi ni wadudu, tena wako hai

Safari hii maswali mengi yamekuja ya fensi za miti zinazonyauka, zinazopauka, zinazokuwa nyeusi, na nikiyasoma naona wengi mnapigana na kitu kimoja, mdudu gamba, bila kujua. Nimechukua yanayofanana nikayajibu kwa pamoja, wa waridi na wa nyasi mtanisamehe, zamu yenu inakuja.

Habari za kazi mtaalamu. Fensi yangu imekuwa nyeusi kama imepakwa masizi ya sufuria. Nikajua ni fangasi, nikanunua dawa ya fangasi nimepiga mara tatu, weusi unapungua kidogo halafu unarudi vilevile. Na sisimizi wamejaa, wanapanda na kushuka siku nzima. Nakosea wapi?
*Mwenye Fensi Nyeusi*

Nzuri ndugu yangu. Fangasi ni kweli ni fangasi, hapo macho yako yako sawa, ila huyo kafuata sukari tu, hali mti. Hapo juu kuna mtu anamwaga sukari na ndiye wa kumtafuta. Geuza majani uangalie chini yake hasa pembeni ya ule mshipa wa katikati, halafu pitisha kidole kwenye vitawi vyembamba, utakuta vipele vya kahawia au vya kijivu vimeganda kama sehemu ya gome. Bandua kimoja kwa ukucha. Kikitoka na kuacha majimaji basi huyo ni mdudu gamba, na umempita kila siku ukidhani ni mti wenyewe ulivyo.

Anachofanya ni kuchomeka mdomo wake kama sindano na kunyonya utomvu mchana na usiku, na kwa sababu utomvu una sukari kuliko anayoihitaji, inayobaki anaitoa nyuma kama matone yanayonata. Gusa majani ya chini utayahisi. Fangasi mweusi anaota juu ya hayo matone, na sisimizi wanakuja kuyanywa, na hawa sisimizi bwana sio wapita njia, wanamlinda mdudu kama mfugaji na ng'ombe wake, wanafukuza kila adui anayetaka kumla. Kwa hiyo dawa ya fangasi ungepiga hata mara thelathini, weusi ungerudi tu.

Anza na sisimizi. Kata matawi yanayogusa ukuta na ardhi ili wabaki na njia ya shina tu, kisha kila shina lizungushie mkanda wa kitambaa au karatasi ngumu na juu yake upake gundi ya kunasia wadudu. Usipake grisi wala gundi moja kwa moja kwenye gome, litaungua. Halafu kata matawi yaliyojaa kupita kiasi, yaliyobaki sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni pale unapofika, ni kazi ya kuchosha lakini kwa fensi fupi inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Baada ya hapo ndio mafuta, nitayaelezea chini. Weusi wenyewe uache. Sukari ikikatika unakauka na kubanduka polepole kwa mvua au kwa mpira wa maji.

Kwangu hakuna weusi wala sisimizi, ila majani yana madoa ya njano juu na chini yake kuna vitu vyeupe vidogo kama chenga za nazi. Jirani kanipa dawa kali ya kuua kila kitu, nikapiga kila wiki mwezi mzima. Sasa wamekuwa wengi kuliko mwanzo!! Inawezekanaje?
*Nimechoka*

Inawezekana sana, na pole. Kuna makundi mawili ya wadudu gamba ya kuangalia hapa. Kuna wale laini, gamba lao ni mwili wao wenyewe, ndio wanaomwaga sukari. Halafu kuna wa gamba gumu kama hao wako, gamba ni kama kibanda alichojijengea kwa nta na ngozi zake za zamani, ukikinyanyua kwa ncha ya pini unamkuta mwenyewe amelala chini yake, rangi ya njano au ya machungwa. Hao hawatoi sukari, wanafyonza seli za jani ndio maana unaona doa la njano upande wa pili.

Sasa dawa yako inagonga paa la kibanda na kumwagika. Waliokufa ni nyigu wadogo mno, wadogo kuliko unavyowaza, wanaotaga mayai ndani ya huyu mdudu, pamoja na yule mbawakawa wa duara mwenye madoa na ndugu zake. Umefukuza askari ukaacha wezi. Na hii sio nadharia, huko California miaka ya 1880 michungwa ilikuwa inamalizwa na mdudu gamba mmoja mwenye mfuko mweupe kama pamba, kilichookoa mashamba ni mbawakawa mdogo mwekundu na mweusi, Rodolia cardinalis, aliyeletwa kutoka Australia 1888 na 1889. Miaka mingi baadaye dawa mpya kali zilipoingia kwenye mashamba hayo zikawaua hao mbawakawa, mdudu akarudi.

Simamisha hiyo dawa. Chukua lenzi uangalie magamba, ukikuta yana kitundu cha duara kama kimetobolewa kwa sindano ujue nyigu ametoka hapo, habari njema hiyo. Kama fensi iko kandokando ya barabara ya vumbi ioshe kwa maji mara kwa mara, vumbi linawasumbua hao nyigu kuliko linavyomsumbua mdudu.

Naomba kujua muda wa kupiga dawa, kila mtu anasema lake.
*Msomaji*

Swali fupi ila ndilo lenye kazi yote, ningekuwa na uwezo ningelijibu kwa herufi kubwa. Mdudu gamba mzima habanduki na hapenyeki kirahisi. Anayeuawa kirahisi ni mtoto. Mama anataga mayai chini ya gamba lake, wengine mia kadhaa, wengine hata zaidi ya elfu moja, halafu anakufa na gamba linabaki kufunika mayai. Yakianguliwa watoto wanatoka na miguu, hawana gamba, wanatembea siku moja mbili kutafuta pa kuchomeka mdomo, na wengine wanapeperushwa na upepo au wanadandia ndege, nguo zako na mkasi wako wa kukatia. Akishatulia akaanza kunyonya anaanza kujijengea, na dirisha lako linafungwa taratibu.

Kuwaona: chukua selotepu yenye gundi pande zote mbili, zungusha kwenye vitawi vitatu vinne vyenye magamba, kila baada ya siku mbili tatu ichungulie kwa lenzi. Ukiona vumbi la njano au la machungwa limenasa na hilo vumbi lina miguu, muda ndio huo. Njia nyingine ya kivivu ni kutikisa tawi juu ya karatasi nyeupe. Sehemu za baridi wanatoka mara moja au mbili kwa mwaka, mara nyingi baridi ikiisha. Sehemu za joto wanafuatana mwaka mzima vizazi vimechanganyika, hapo usingoje, piga, rudia baada ya siku 7 mpaka 14, rudia tena.

Cha kupiga ni mafuta ya bustani, yale yaliyosafishwa kwa ajili ya mimea, mililita 10 mpaka 20 kwa lita moja ya maji, ila kibandiko cha chupa yako ndio bosi sio mimi. Mafuta hayana sumu ya ajabu, yanamziba pumzi tu, na ndio maana usipomgusa hafi. Lowesha chini ya majani, ndani ya fensi, pande zote mbili, mpaka yachuruzike. Wengi mnapiga kwa nje kama mnanyunyizia marashi halafu mnasema dawa ni feki. Usipige jua kali, joto likizidi nyuzi 32 acha, mti wenye kiu unyweshee kwanza jana yake, na kama ulipiga salfa karibuni subiri mwezi upite maana vikikutana vinaunguza majani. Mafuta ya mwarobaini nayo yanafanya kazi kwa hao watoto.

Na zile dawa za kumwagia kwenye mizizi zinazopanda na utomvu, kuwa nazo makini. Baadhi haziwawezi wa gamba gumu kabisa, na kwa fensi inayotoa maua sumu inafika kwenye chavua na nyuki ndio wanaokula. Imidacloprid kwa mfano, Umoja wa Ulaya uliizuia kwa matumizi ya nje tangu 2018 kwa sababu hiyo hiyo ya nyuki.

Dada samahani, sabuni ya unga ya kufulia inafaa? Nimeona mtu anaisifia.
*Mbanaji Matumizi*

Haifai mdogo wangu. Ile ina vitu vya kung'arisha na kutoa mafuta, inaondoa nta ya jani na jani linaungua kingo. Tafuta sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, changanya kama kibandiko kinavyosema, jaribu tawi moja usubiri siku mbili ndio uendelee. Maji yako yakiwa magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu, itaganda tu, tumia ya mvua. Na ikishakauka kazi imeisha, haibaki kulinda kitu.

Nilipiga mafuta mwezi uliopita kama ulivyoshauri lakini magamba bado yapo. Nirudie au nikubali yaishe?
*Nina Wasiwasi*

Usihesabu magamba! Akifa haanguki, gamba linaweza kukaa kwenye tawi miezi mingi, wengine mnarudia dawa juu ya makaburi. Bandua kama ishirini hivi sehemu tofauti tofauti na uyaminye. Yakivunjika makavu kama pumba wamekufa, yakitoa maji wapo. Halafu angalia machipukizi yaliyoota baada ya kupiga, hayo ndio yanasema ukweli, yakiwa safi wewe umeshinda hata kama tawi la zamani linatisha kulitazama.

Wanauma? Nina watoto wanacheza karibu na fensi.
*Mama Wawili*

Hawaumi mama, mdomo wao ni wa mimea tu. Kinachoweza kudhuru ni dawa ukipiga watoto wakiwepo. Tena hawa wadudu wana ndugu yao mwenye faida, ute anaoutoa mwilini unaokauka matawini ndio uliokuwa unatengenezewa lakiri, ile ya kufungia barua kwa muhuri. Hawa wako hawana faida yoyote, endelea kuwachukia.

Upande mmoja wa fensi umebaki vijiti. Nikate yote nipande upya au itarudi? Mume wangu anataka kumwaga mbolea ya yurea wiki hii.
*Fensi Kipara*

Mzuie kwanza na hiyo yurea, leo hii. Naitrojeni nyingi inatoa majani laini yenye maji matamu, na mdudu aliyebaki anaona sherehe, anazaa zaidi. Kwanza maliza wadudu, ukiona machipukizi safi ndio weka mboji au samadi iliyoiva, kiasi.

Kwaruza gome la hivyo vijiti kwa ukucha. Kijani chini ya gome maana yake kuna uhai, kahawia na kikavu kata mpaka ufike penye kijani. Kama fensi ni hibiskasi, duranta au bogenvilia unaweza kukata kwa nguvu maana zinachipua hata kwenye mti mzee, ila usikate yote kwa mpigo, chukua theluthi moja, zikichipua chukua nyingine. Saipresi usithubutu! Ukiikata ukapita penye majani haichipui tena, patabaki shimo milele, hapo unakata vilivyokufa tu na kuomba vilivyo jirani vijaze.

Matawi uliyokata yafunge kwenye mfuko au yachome, mkasi ufute kabla ya kuhamia upande uliopona. Maji mwagia chini kwenye shina, mengi mara moja au mbili kwa wiki, sio kurashia kidogo kila jioni. Tandaza matandazo sentimita 5 mpaka 8 lakini yasiguse shina. Ikianza kurudi ikate umbo la chini pana juu pembamba, watu wengi wanafanya kinyume halafu chini panakosa mwanga, panabaki kipara, na mdudu anapenda sana pale ndani pa giza pasipofikiwa na bomba la dawa. Pengo lisiloziba panda miche, na hiyo miche usiikate kwenye fensi hii hii, nakujua.