Mwambaa wa maendeleo usimdanganye anayesubiri

Miaka michache iliyopita, kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kiliniomba nikitengenezee tovuti ambamo wanachama wangetuma picha za vibali na stakabadhi zao, badala ya mtu kupanda meli kutoka Ukerewe kwa ajili ya karatasi mbili. Fomu ilifanya kazi vizuri nilipoijaribu ofisini. Ilipoanza kutumika, stakabadhi moja ilikuwa ikiingia mara nne au tano, kwa sababu mtu aliyeko Nansio, kule Ukerewe, mtandao ukiwa hafifu, alibonyeza kitufe cha kutuma, akasubiri, asione dalili yoyote, akabonyeza tena.

Nikaongeza mwambaa wa maendeleo, yaani ule ukanda unaojaa taratibu kuonyesha kazi imefika wapi (progress bar), na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ningependa wewe ulikwepe. Mwambaa ule ulipendeza macho: ulikuwa na ncha za mviringo, rangi ya samawati na mistari iliyotembea ndani yake. Haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Niliupa sekunde kumi na tano ujae polepole hadi asilimia 99, kisha usimame hapo kungoja jibu la seva, yaani kompyuta inayopokea picha. Siku moja mama mmoja muuza dagaa alinionyesha simu yake pale sokoni, akasema, "Mwanangu, hii imeganda. Nimefunga magunia yote haya, bado iko tisini na tisa." Nilipoangalia upande wa seva, picha yake ilikuwa haijafika hata nusu. Alikuwa ameiamini namba niliyoibuni mwenyewe, na jambo hilo liliniuma.

Kwa hiyo, kabla hujachagua rangi, jiulize namba inayoujaza mwambaa inatoka wapi. Kwa kazi ya kupakia faili, chombo cha zamani cha JavaScript cha kutuma data, XMLHttpRequest, kina tukio liitwalo progress katika sehemu yake ya upload, na tukio hilo hukupa thamani mbili: loaded, yaani baiti zilizokwisha kuondoka, na total, yaani baiti zote. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, nawe umepata sehemu iliyokwisha kutumwa. Njia mpya zaidi ya kutuma data, fetch, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa wepesi wake, haina tukio la namna hiyo kwa data inayopakiwa, ndiyo maana katika kazi hii nilirudi kwenye njia ya zamani bila kujuta.

Hata hivyo, namba ya kweli nayo ina mtego wake. Asilimia 100 ya kupakia maana yake ni kwamba data imeondoka kwenye kivinjari. Haimaanishi kwamba seva imeipokea, imeikagua na kuihifadhi. Ukiandika "Imekamilika" wakati huo, mtu atafunga ukurasa na kuondoka, na huenda kazi yake ikapotea. Mimi sasa namba inapofika mwisho hubadilisha maneno yaliyo chini ya mwambaa yasomeke "Tunahakiki picha yako, tafadhali usifunge ukurasa", kisha huiondoa sifa ya value, ile inayoshika namba ya mwambaa, ili mwambaa uonyeshe kwamba kazi inaendelea bila kudai kiasi. Neno la kukamilika huja baada ya jibu la seva tu.

Kwa umbo lenyewe, tumia elementi ya progress iliyomo katika HTML5, kiwango cha lugha ya kurasa za wavuti kilichopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2014, badala ya kurundika elementi za div, yaani masanduku matupu yasiyo na maana yake. Visoma skrini vya watumiaji wasioona huitambua bila kazi ya ziada, mradi umeipa lebo yake. Kumbuka kuandika sifa ya max, yaani namba ya mwambaa uliojaa, kwa kuwa usipoiandika huhesabiwa kuwa 1, na value ya 40 itaonyesha mwambaa uliojaa pomoni; nilipoteza asubuhi nzima kwa jambo hilo.

Kuipamba kunahitaji uvumilivu. Katika CSS, lugha ya kupamba kurasa, anza kwa kuandika appearance: none ili kuondoa sura ya asili ya kivinjari. Baada ya hapo, katika Chrome na Safari, ::-webkit-progress-bar ni mfereji mzima ambamo rangi hujaa, na ::-webkit-progress-value ni sehemu iliyojaa. Katika Firefox, ::-moz-progress-bar ndiyo sehemu iliyojaa, ingawa jina linakaribia kufanana na lile la mfereji. Ziandike katika kanuni tofauti, usiziunganishe kwa mkato, maana kivinjari kikikuta kiteuzi (jina la sehemu inayopambwa) kisichokitambua hutupa kanuni yote. Mistari inayotembea niliiondoa kabisa. Ukitaka kuibakiza, izime kwa wale waliochagua kupunguza mijongeo katika simu zao, kupitia sharti la CSS liitwalo prefers-reduced-motion.

Rangi nilijifunza juani. Samawati ile niliyoipenda ofisini haikuonekana kabisa saa saba mchana pale mwaloni, ambako watu hushika simu wakiwa wamesimama kando ya vichanja vya dagaa. Mwongozo wa WCAG 2.1, wa kuifanya wavuti itumike na watu wenye ulemavu, uliotolewa mwaka 2018, unataka michoro inayobeba maana iwe na utofauti wa rangi wa angalau 3 kwa 1 dhidi ya rangi iliyo jirani nayo. Nilichukua kijani kilichokolea juu ya mfereji mweupe, nikauzungushia mpaka mweusi, nikaongeza urefu wa kwenda juu hadi pikseli 20, na pembeni nikaandika kiasi kwa maneno: "MB 1.2 kati ya 3". Maandishi hayo ndiyo ambayo wanachama huyasoma kwanza. Mama yule aliporudi kutuma kibali chake kingine, aliitazama namba ikipanda pole pole, akaiweka simu juu ya gunia, akaendelea kumpimia mteja.