Kisu cha kugrafti chenye makali upande mmoja: nilikinoa pande zote mbili, sasa kinakata kombo

Swali: Habari fundi. Niko na kitalu kidogo cha miche ya avokado huku Vihiga, nagrafti, yaani napandikiza kijiti cha avokado aina ya Hass juu ya mche wa kienyeji. Nilinunua kile kisu cha kukunja cha kugrafti, kina makali upande mmoja tu, upande mwingine ni flati. Kilianza kuwa butu nikakinoa kwa jiwe vile nanoa kisu cha jikoni, huku mara kadhaa, huku mara kadhaa. Sasa kinanyoa hata nywele za mkono lakini nikichonga kijiti kinachimba ndani ama kinapaa juu, na miche mingi haishiki. Kijana wangu anasema tukipeleke kwa mtu wa grainda. Nifanye nini?

Jibu: Salama dada. Kwanza hiyo ya grainda muambie kijana aache kabisa, tafadhali. Ubapa wa hicho kisu ni mwembamba, ukigusa gurudumu kavu sekunde chache tu makali yanashika moto na yakigeuka rangi ya bluu ujue hapo umepita digrii kama 300 na ule ugumu wa chuma umeenda, utanoa leo na kesho kimekuwa butu. Nimeletewa visu vingi vya aina hiyo hapa Kisumu na dawa ni moja tu, kuondoa chuma yote iliyoungua hadi ufike ile nzima, na kwa kisu kidogo hivyo unabaki na kitu kama wembe wa penseli. Chako bado hakijafika huko, chako kinapona.

Shida si ukali. Wewe mwenyewe umesema kinanyoa nywele. Shida ni kwamba ule upande flati sio flati tena.

Umewahi kuangalia patasi ya seremala? Ina mteremko upande mmoja na upande wa pili ni bapa, na seremala anaulaza huo upande bapa juu ya mbao ndio patasi iende sawa, yaani upande bapa ndio unaongoza. Kisu chako ni patasi ya kukunja. Kisu cha jikoni cha kawaida kina kama digrii 20 kila upande, jumla 40, kwa hivyo kunoa huku na huku ni sawa kwake. Chako kina mteremko wa digrii 20 hivi upande mmoja na upande wa pili ni sifuri, jumla 20, ndio maana kikiwa kipya kinapita kwa kijiti kibichi kama siagi. Sasa ulipoinua mgongo kidogo, ule ukingo mnene usiokata, ukanoa ule upande bapa, ukaweka kimteremko kingine kidogo hapo kwa makali, tuseme digrii 15, jumla imekuwa 35, na mbaya zaidi ni kwamba ukilaza kisu kwa kijiti makali hayagusi mti, yako juu kidogo. Inabidi uinamishe mkono ndio kishike, na ukiinamisha kinachimba, ukirudisha kinapaa. Ile kabari unayochonga mwishoni mwa kijiti inatoka na tumbo ama na shimo katikati. Na wewe unajua kabari ikiwa na shimo ile safu laini ya kijani kati ya ganda na mti haikutani na ya mche wa chini, hewa inaingia, kijiti kinakauka ndani ya utepe ulioufungia. Si mkono wako dada, na pengine si miche pia.

Toka nje kwa jua, shika kisu upande bapa ukikuangalia, ukigeuze pole pole. Karibu na makali utaona kamstari kembamba kanang'aa tofauti na chuma ingine. Hako ndiko kamteremko uliweka. Pima upana wake kwa macho, kwa sababu hapo ndio hesabu yote iko: kama ni nusu milimita, makali lazima yarudi nyuma kama nusu milimita ndio kaishe. Kama ni milimita nzima, milimita nzima. Hakuna njia ya mkato. Wengine husugua upande bapa wote hadi kamstari kapotee, na hiyo inafanya kazi ndio, lakini unamaliza unene wa kisu na ni rahisi sana kukiharibu zaidi, kwa hivyo mimi nashauri ufanye kazi yote kutoka upande wa mteremko na upande bapa uuache hivyo.

Jiwe lako kama ni lile la miaka mingi limekula katikati kama mtumbwi usilitumie kwa hii kazi. Na ngazi ya simenti pia hapana, hiyo ni ya panga. Nenda kwa fundi wa vioo umuombe kipande cha kioo kinene, milimita 5 ama 6, akusugulie pembe zisikukate, halafu hadwea ununue msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000. Lowesha kioo, lowesha msasa, ulaze juu, utashika wenyewe. Kioo ni bapa kuliko mawe mengi na gharama ni ndogo.

Weka kioo ukingoni mwa meza, na hapa nataka uwe makini juu ni kitu cha visu vya kukunja peke yake. Mpini ni mnene kuliko ubapa, kwa hivyo ukiweka kisu katikati ya kioo mpini unakiinua na hakilali hata ufanye nini. Mpini lazima uning'inie nje ya meza, ubapa peke yake ndio uwe juu ya kioo. Tena usisukume kwa kushika mpini, pale kwa riveti, ile pini inayoshika ubapa na mpini, hukosi kamchezo kadogo, yaani kulegea, na hako kamchezo kanabadilisha pembe kila ukivuta, na vile vile springi ya ndani ya mpini haikikazi kisu kama kufuli, kinaweza kujikunja juu ya vidole vyako. Bonyeza na vidole viwili juu ya ubapa wenyewe, karibu na makali, mkono wa mpini uwe wa kuelekeza tu.

Paka mteremko kalamu ya maka, wote. Laza mteremko kwa msasa wa 400 hadi usikie umekaa, huwa unasikia kabisa, ni kama sahani ikikaa mezani. Vuta mgongo ukiwa mbele na makali yakifuata nyuma, ukisukuma makali mbele yatapasua msasa. Vuta mara tatu, inua, angalia. Wino umetoka wapi? Ukitoka juu tu, umelaza sana, ukitoka kwa makali tu, umeinua sana. Ukitoka wote endelea. Na kale kapembe ka chuma kalikobaki karibu na riveti, pale makali yanapoanzia, usikaguse, hako ndiko kanagonga springi kisu kikifungwa, ukikamaliza makali yenyewe yataanza kugonga chuma kila ukifunga na utashangaa mbona kinakuwa butu kikiwa mfukoni.

Hii hatua ni ndefu, mimi hunichukua kama dakika 40, msasa utabadilisha mara mbili au tatu. Usichoke. Angalia kale kamstari ka upande bapa kanavyozidi kuwa kembamba hadi kapotee. Kakipotea pitisha kidole gumba upande bapa kutoka mgongoni kuelekea makali, usipitishe kufuata makali, utajikata, na utasikia kitu kinakwaruza kidogo, chuma imejikunja huko. Mimi naziita ndevu. Ndevu zikiwa kutoka mwanzo hadi ncha bila kuruka mahali, mteremko umefika mwisho.

Hamia 1000 upande ule ule, halafu 2000. Sasa ndio ugeuze. Laza upande bapa wote, kabisa kabisa, kwa msasa wa 2000, mgongo na makali vyote vinagusa, na uvute mara mbili ama tatu basi. Hapo unatoa ndevu tu, haunoi. Hata kama roho inakuambia inua mgongo kidogo ndio kiwe kikali zaidi, usiinue, hata unene wa karatasi. Maliza kwa mkanda wa ngozi uliogongwa kwa kipande cha mbao, mteremko mara kumi, bapa mara mbili kikiwa kimelala, na usipopata mkanda hata kartoni inasaidia.

Kijaribu kwa kijiti kibichi cha avokado, si kwa nywele. Chonga kwa mvuto mmoja, halafu weka ule uso uliokatwa juu ya kioo chako uangalie mwanga upande wa pili. Mwanga usipite. Na uso ung'ae, ukiona mistari myembamba kuna pengo kwa makali, rudi 1000.

Ukimaliza osha kisu vizuri juu unga wa msasa unaingia kwa riveti na unakula, kausha, tone moja la oili ya cherehani pale kwa riveti, mafuta ya kupikia hapana, yanaganda kama gundi. Ukiwa kazini pangusa utomvu na spirit kutoka mche hadi mche, usiloweke kwa dawa ya kublichi kama kisu si cha stenlesi, utakipata na kutu. Na ukisikia kinaanza kuvuta, ni mkanda kwanza, msasa baadaye.

Kitu moja hukuniambia, kama huyo kijana naye anagrafti na anatumia mkono wa kushoto. Upande bapa ndio unafaa kuegemea kile kijiti unachobakisha, na kwa mkono wa kushoto unakuwa nje. Kama ni hivyo mtafutie cha kwake cha mkono wa kushoto, vinatengenezwa, kampuni ya Tina ya Ujerumani kwa mfano wanatoa vya mkono wa kulia na vya kushoto, asije akajaribu kukirekebisha hiki kwa kunoa ule upande mwingine.